UZI: Sura ya Malkia Elizabeth II kwenye picha, stempu, sarafu na noti – ilivyotengenezwa na namna ya kuikagua

FundiChapa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Watu wamebishana sana ni picha ipi ya Malkia Elizabeth II "imemtoa" vizuri kuliko zote. Ubishi huo hauishi kwa sababu swali lenyewe limekaa vibaya. Huyu mama alitawala kuanzia 6 Februari 1952 hadi 8 Septemba 2022, na karibu kila picha yake rasmi ilipigwa kwa kazi fulani: hii ya stempu, hii ya sarafu, hii ya noti, ile ya kutundikwa ubalozini. Jua kwanza picha ilikuwa inakwenda kuchapwa wapi na kwa ukubwa gani. Hapo utaelewa kwa nini kageuza uso vile, kwa nini nyuma hakuna kitu, kwa nini shingo imekatiwa pale.

Nianze na Dorothy Wilding, maana ndiye aliyefungua njia. Mwaka 1937, kwenye kutawazwa kwa George VI, baba yake Elizabeth, alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa hati ya mpiga picha rasmi wa mfalme na malkia. Tarehe 26 Februari 1952, siku 20 tu baada ya Elizabeth kurithi, akampiga picha 59. Mtindo wa Wilding ni mandhari tupu ya rangi nyepesi, mwanga mwingi usoni, na mstari wa taya na shingo unaosomeka hata ukiwa mbali. Baadhi yetu tunauona mkavu. Lakini ukiipunguza picha ya namna hiyo hadi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, bado uso unabaki. Picha yenye mapazia, viti na maua nyuma ikipunguzwa hivyo inageuka doa.

Wahusika wa stempu walitaka taji lionekane wazi, ndiyo maana kukawa na kikao cha pili tarehe 15 Aprili 1952, safari hii akiwa amevaa taji la almasi lililotengenezwa mwaka 1820 kwa ajili ya George IV. Mkae mkilikumbuka taji hilo, litatajwa sana humu.

Wenye fani zenu karibuni: stempu, sarafu, rangi, kamera.

Bahasha_ya_Zamani

Nachukua stempu.

Za kwanza zenye picha ya Wilding zilitoka 5 Desemba 1952, za peni moja na nusu na peni mbili na nusu. Ziliendelea hadi 1967. Wachoraji wa fremu walipata taabu. Uingereza haiandiki jina la nchi kwenye stempu zake, kichwa cha mtawala ndicho jina. Kwa hiyo kichwa hakiondoki, na hiki cha Wilding kimegeuka robo tatu, kinakula nafasi. Maua ya kitaifa na tarakimu za bei vikabanwa pembeni. Kwenye stempu za matukio ikawa mbaya zaidi: nusu ya karatasi uso, nusu inayobaki ndiyo ugawane na daraja, meli au mshairi. Mchoraji David Gentleman alilipeleka suala hilo kwa waziri wa posta Tony Benn mwaka 1965, akapendekeza kichwa kiondolewe kabisa. Hakikuondolewa, ila kilipunguzwa kikawa kivuli kidogo cha upande kwenye kona, kilichotokana na sura ya kwenye sarafu.

Sasa ukaguzi. Stempu mbili za Wilding zinaweza kufanana kwa kila kitu mbele huku bei zake zikitofautiana kabisa, kwa sababu ya mgongoni. Alama ya maji ya 1952 ina taji la Tudor. Ya 1955 ina taji la Mtakatifu Edward. Ya 1958 ina mataji matupu yaliyojirudia, bila herufi. Kuanzia Novemba 1957 kuna zenye mistari myeusi ya grafiti nyuma, ya kusaidia mashine za kuchambua barua. Mwaka 1959 ikaja mistari ya fosfori upande wa mbele.

Jinsi ya kuiona alama ya maji:

Chukua kisahani cheusi kisichoyeyuka. Laza stempu kifudifudi. Dondosha matone mawili matatu ya petroli safi ya viberiti vya kujazwa mafuta, ile isiyo na rangi. Alama inatokea kwa giza kwa sekunde chache tu, kisha stempu inakauka yenyewe. Fungua dirisha, na jiko liwe mbali, hiyo kitu inashika moto kwa mvuke wake tu. Jaribu kwanza kwenye stempu ya thamani ndogo ya chapa ileile, maana kuna wino wa fotogravia (uchapaji wa silinda yenye vishimo vya wino) usioelewana na petroli. Na tafadhali, msipime kwa kuloweka maji stempu yenye gundi yake ya asili. Gundi ikiondoka, thamani nayo imekwenda.

Matundu ya pembeni ni 15 kwa 14: matundu 15 kwa kila sentimita 2 upande wa mlalo, 14 upande wa wima. Ukipata tofauti, una kitu kingine mkononi.

mwanafunzi_wa_historia

Mkuu, na huku kwetu je? Stempu za zamani za Afrika Mashariki zina huyohuyo?

Bahasha_ya_Zamani

Ndiyo na hapana. Seti ya 1954 ya Kenya, Uganda na Tanganyika inaweka kichwa cha Malkia juu ya mandhari: twiga, tembo, Kilimanjaro, bwawa la Owen Falls ambalo yeye mwenyewe alilizindua mwaka huohuo. Zanzibar ni habari nyingine. Ilikuwa nchi lindwa yenye Sultani wake, hivyo stempu za miaka hiyohiyo zina sura ya Seyyid Khalifa bin Harub. Mtu akikuuzia "stempu ya Zanzibar ya Malkia wa 1957" kwa bei ya juu, mwombe aioneshe vizuri.

MzeeWaSumuni

Wengi wanauliza kwa nini senti tano na senti kumi za mkoloni hazina sura ya Malkia wakati sumuni inayo. Jibu ni tundu. Senti moja, tano na kumi zimetobolewa katikati, na pua ya mtu haiwezi kukaa hewani. Zikaandikwa jina lake tu kuzunguka. Sumuni, yaani senti 50 ya nikeli na shaba, haina tundu, ikapata kichwa chenye taji kilichochongwa na Cecil Thomas. Huyo ndiye aliyechonga kichwa cha sarafu za makoloni mengi. Msimchanganye na Mary Gillick wa sarafu za Uingereza, ambaye Malkia wake hana taji bali shada la majani kichwani.

Gillick ana kisa cha kiufundi kizuri. Sura yake ya 1953 ni nzuri sana kwenye plasta, ila mchongo ni wa chini mno. Sarafu za mwanzo zilipogongwa, mikunjo ya vazi begani haikutoka sawasawa, bega likaonekana wazi. Ndani ya mwaka uleule ikabidi mistari ichongwe upya iwe mikali zaidi. Ukipata sarafu ya 1953 ambayo haijazunguka sana, angalia bega kwa kioo cha kukuzia mara 10: mistari miwili ya vazi ipo au imefifia? Hapo unajua ni kabla au baada ya marekebisho.

Kwa nini inatokea? Mchongaji anafanya kazi kwenye plasta pana kama sahani. Plasta inanakiliwa kwa kitu kigumu, kisha mashine ya kupunguza inapitisha ncha juu ya mchongo huo huku ncha nyingine upande wa pili ikichonga chuma kwa ukubwa wa sarafu. Hapo ndipo anapatikana baba wa chapa, naye anazaa chapa za kugongea. Kila kitu kinapungua, kina cha mchongo pia. Mkunjo ulioonekana vizuri kwenye plasta unabaki unywele. Ukiuzidisha kina, tatizo linageuka: chuma kinashindwa kujaa shimo la uso kwa pigo moja, na mchoro wa upande wa pili unapata kovu.

Sura tano za sarafu za Uingereza unazitambua kwa kichwani na kwa herufi ndogo za mchongaji chini ya shingo:

– Gillick, 1953: shada la majani, herufi MG.
– Arnold Machin, kuanzia 1968: tiara (taji dogo la mapambo), hakuna herufi.
– Raphael Maklouf, 1985: taji la almasi, mkufu na hereni, RDM.
– Ian Rank-Broadley, 1998: tiara tena, kichwa kimejaza duara, IRB.
– Jody Clark, 2015: taji la almasi, JC.

Rank-Broadley alikijaza kichwa kwa sababu peni 5, 10 na 50 zilikuwa zimepunguzwa ukubwa miaka ya tisini. Clark alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha sarafu chenyewe, akashinda shindano lisiloonesha majina, na kazi yake ilichongwa kwa kompyuta. Wote watano wamemwelekeza kulia. Charles III anatazama kushoto, kwani desturi ni kila mtawala kumpa mgongo aliyemtangulia.

dada_wa_galari

Mzee, umepita haraka kwa Machin. Huyo ndiye muhimu kuliko wote, na si kwa sarafu zake.

Stempu ya Machin ilianza 5 Juni 1967 na sura haikubadilishwa hadi mwisho wa utawala. Alichonga kwanza, ndipo mchongo ukapigwa picha. Kwa nini kuzunguka hivyo wakati kuna kamera? Picha ya mtu hai ina rangi ya ngozi, midomo, nywele, kila moja na kiwango chake cha weusi, na ukiichapa kwa wino mmoja wa kijani au wa chungwa inavurugika. Plasta ni nyeupe tupu. Kinachobaki ni kivuli cha mwanga wa upande mmoja, na kivuli hicho kinakubali wino wa rangi yoyote. Ndiyo maana sura ileile imechapwa kwa rangi lukuki bila kuharibika. Vazi la kifuani liliongezwa kwa matakwa ya Malkia mwenyewe. Awali shingo ilikatwa ikiwa tupu, kama kwenye sarafu.

Kwa wakusanyaji: tundu la umbo la yai pembeni lilianza 1993, na mikato ya usalama yenye umbo la U mwaka 2009. Stempu inayodaiwa ni ya miaka ya themanini ikiwa na tundu la yai, mrudishie mwenyewe.

NotiKarani

Noti ndiko kuna vituko.

Noti za Kanada za 1954 zilitokana na picha aliyopigwa na Yousuf Karsh mwaka 1951, akiwa bado binti mfalme. Tiara ikaondolewa, nywele zikabaki wazi. Mchongaji wa bamba, George Gunderson, alifuata picha kwa uaminifu mkubwa. Tatizo ni kwamba mchongo wa chuma hauna kijivu. Kuna mstari wenye wino na nafasi isiyo na wino, basi. Mng'ao wa nywele nyuma ya sikio ukawa nafasi nyeupe, vivuli vikawa mistari myeusi, na watu wakaona uso wa shetani anayecheka. Kuanzia 1956 sehemu hiyo ilitiwa weusi kwenye mabamba. Kuikagua: geuza macho kwenye mkunjo wa nywele juu kidogo nyuma ya sikio. Pua na mdomo vinaonekana? Ni ya kabla. Imefifia na kuwa giza tulivu? Ni baada.

Benki Kuu ya Uingereza yenyewe ilianza kumweka Malkia mwaka 1960 kwenye noti ya pauni 1, mchoro wa Robert Austin. Kabla yake hakuna mtawala aliyewahi kukaa kwenye noti za benki hiyo. Faida ya uso kwenye noti ni ya kiusalama: jicho la mtu wa kawaida haligundui ua lililokosewa, ila mdomo wa mtu anayemjua ukipinda nusu milimita anahisi kuna kitu.

Na Shelisheli, rupia 50 ya 1968: Malkia kama alivyochorwa na Annigoni mbele, minazi nyuma, makuti yakasomeka neno la Kiingereza la herufi tatu ambalo halisemwi mbele ya wakwe. Anayeuza atakuambia ni adimu. Bei yake inatokana na umaarufu wa neno lile, hivyo linganisha hali ya karatasi kabla hujatoa hela.

Rangi_na_Brashi

Annigoni huyo. Pietro Annigoni alichora picha ya kwanza 1954–55 kwa agizo la chama cha kale cha wauza samaki cha London. Malkia kavaa joho la Nishani ya Garter, kasimama peke yake, nyuma mandhari wazi. Ya pili, ya 1969, ni ya Jumba la Picha za Watu Mashuhuri la London, joho jekundu, urefu karibu mita 2. Ya kwanza ilipendwa kupita kiasi. Mimi naiona ya pili ina ukweli zaidi, ila hapo mnaweza kunirushia mawe.

Ufundi wake ni tempera yenye mafuta. Annigoni alichanganya rangi ya unga, kiini cha yai, mafuta mazito ya kitani, vanishi ya mastiki na divai nyeupe. Mwenye kutaka kujaribu aanze na mchanganyiko wa kawaida wa mafundi: yai zima kipimo 1, mafuta ya kitani (au mafuta na vanishi pamoja) kipimo 1, maji vipimo 2. Utaratibu ndio siri. Tikisa yai peke yake kwenye chupa. Ongeza mafuta kidogokidogo, kila mara ukitikisa kwa nguvu. Maji yawe ya mwisho. Ukitanguliza maji, mafuta yanaelea na hayarudi tena, utamwaga. Weka kwenye friji, na ikinuka usijidanganye, tengeneza nyingine.

Inapakwa nyembamba, kwa mistari midogo inayopishana, juu ya ubao au karatasi iliyogandishwa kwenye ubao. Ukiipaka nene inapasuka. Ndiyo maana ngozi ya Malkia kwa Annigoni ni laini na baridi kama ganda la yai: ufundi wenyewe hauruhusu unene.

Sasa geuka kwa mchoraji Lucian Freud, 2000–2001. Sentimita 23.5 kwa 15.2 tu, ndogo kuliko daftari. Mafuta mazito, rangi nyeupe ya risasi iliyorundikwa hadi ina chembechembe. Taji la almasi lilipoamuliwa baadaye halikuwa na pa kukaa, ikabidi turubai iongezwe kipande juu.

Kasuku_Mjini

Hiyo ya Freud ni matusi. Mama wa watu kafanywa bondia aliyepigwa raundi kumi.

Rangi_na_Brashi

Usiitazame kwenye simu, mkuu. Kwenye simu mtu huikuza kwa vidole kuliko ilivyo, na kila rundo la rangi linakuwa jeraha. Chora kwenye karatasi mstatili wa sentimita 23.5 kwa 15.2, chapa picha ikae humo sawasawa, simama hatua mbili nyuma. Unaweza usiipende bado, ila utakuwa umeitazama kwa kipimo alichokusudia. Mwenye jazba zaidi akumbuke Freud aliwachora hivyo watu wote, wenye hadhi na wasio nayo.

LenziNdefu

Upande wa kamera nitaje watatu.

Cecil Beaton, 2 Juni 1953. Watu wanaamini picha ile ya taji, tufe na fimbo ilipigwa ndani ya kanisa la Westminster. Ilipigwa Buckingham, kwenye ukumbi wa kijani, mbele ya pazia lenye picha ya kikanisa cha Henry VII. Anayetaka kuiga pazia la namna hiyo azingatie mambo mawili. Mtu akae mbali na pazia, mita 2 au zaidi, la sivyo kivuli chake kinaangukia "ukutani" na uongo unafichuka. Pia mwanga wa usoni utoke upande uleule unaotoka mwanga uliochorwa kwenye pazia. Studio nyingi za mtaani zinakosea hili la pili: madirisha ya pazia yako kushoto, taa iko kulia.

Chris Levine, 2004, kazi ya hologramu (picha inayoonekana kuwa na kina) kwa kisiwa cha Jersey kuadhimisha miaka 800 ya utii wake kwa taji la Uingereza. Kamera inateleza kwenye reli mbele ya aliyekaa na kuchukua zaidi ya picha 200 kwa mfululizo, naye asitikisike. Akijongeza kichwa katikati ya safari, kina kinavunjika na pua inaonekana mbili. Kwa kuwa mwanga ulikuwa mkali, Malkia alipumzisha macho kati ya raundi moja na nyingine, na ile picha maarufu ya macho yaliyofumbwa ilinaswa katika mapumziko hayo.

Annie Leibovitz, 2007. Ile yenye joho jeusi na miti ya bustani nyuma ni picha mbili zilizounganishwa. Malkia alipigwa ndani, bustani ikapigwa kando. Imefanikiwa kwa sababu alimwangazia kwa mwanga laini unaofanana na anga la mawingu. Ukipiga ndani kwa taa kali ya upande mmoja kisha ukaweka anga la mawingu, hakuna programu itakayokuokoa. Kuhusu ile tafrani ya Malkia "kuondoka kwa hasira" kwenye kikao hicho: tangazo la BBC la filamu iliyomwonesha lilipanga vipande kinyume. Alikuwa anaingia, si kutoka. Mkuu wa chaneli ya BBC One, Peter Fincham, alijiuzulu.

FundiChapa

Asanteni. Naongeza Andy Warhol, msanii wa Marekani, kwa sababu utapeli ni mwingi.

Kazi ni ya 1985, malkia wanne: Elizabeth II, Beatrix wa Uholanzi, Margrethe wa Denmark na Ntombi wa Swaziland. Kila mmoja ana matoleo manne ya rangi, jumla 16. Picha ya Elizabeth ilitokana na ile ya Peter Grugeon aliyoipiga Windsor mwaka 1975, iliyotolewa kwa jubilii ya 1977, ya miaka 25 ya utawala. Kila karatasi ni sentimita 100 kwa 80, toleo la kawaida nakala 40, na lile la unga unaometa nakala 30.

Ukaguzi wa kwanza, wala huhitaji mtaalamu: kioo cha kukuzia mara 10 kwenye eneo la rangi bapa. Chapa ya skrini ni wino mzima uliosukumwa kwa raba kupita kwenye kitambaa, kwa hiyo utaona rangi moja, nene, yenye ukingo. Ukiona vinukta vya buluu, waridi, njano na nyeusi vimejipanga kama maua, hilo ni bango la ofseti, yaani la kuchapwa kiwandani. Bango ni zuri ukutani, ila bei yake ni ya bango. Pili, pima karatasi. Pungufu ya sentimita kadhaa maana yake imekatwa au haikuwa yenyewe.

mwanafunzi_wa_historia

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ipo picha ya 1952 ya mtindo wa Wilding, imetiwa rangi mashavuni, iko kwenye fremu, kioo kina ukungu kwa ndani. Nyumba iko karibu na bahari. Isafishwe vipi?

dada_wa_galari

Usiifute. Hata kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kwenye picha zilizotiwa rangi kwa mkono, rangi imekaa juu ya gelatini, ule utando wa juu wa picha, inaondoka na kitambaa.

Kwanza angalia kwa kioo cha kukuzia. Vinukta vikionekana ni chapa ya kiwandani, punguza wasiwasi. Kama hakuna vinukta na pembeni weusi una mng'ao wa rangi ya fedha, ni picha halisi ya kemikali. Fungua fremu nyuma taratibu. Kama picha imegandana na kioo, acha hapohapo, iache na kioo chake na umpelekee mhifadhi wa makumbusho, kwa maana ukivuta, uso unabaki kwenye kioo. Kama haijagandana, itoe, iweke chumba kikavu chenye hewa kwa siku kadhaa, si juani. Vumbi la ukungu likishakauka liondoe kwa brashi laini sana, ukielekeza nje ya picha, na uvae barakoa.

Ukirudisha kwenye fremu weka kadi isiyo na asidi yenye dirisha, ili kioo kikae milimita 3 mbali na picha. Usiitundike ukuta wa nje unaopigwa na upepo wa bahari. Ukuta wa katikati ya nyumba ndio salama. Unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 50 ukungu haurudi kirahisi. Kabla ya hayo yote piga picha mbele na nyuma, hasa mihuri na maandishi ya mgongoni, uyaweke humu tuyasome.